Kuuza Triumph Herald ya paa la kukunja iliyokarabatiwa nusu: ipakwe rangi kwanza au iuzwe ilivyo?

Mrithi wa Herald (Nakuru), mwanzilishi wa uzi

Wanajukwaa, hamjambo nyote. Ninalo gari aina ya Triumph Herald 13/60 la mwaka 1969, la paa la kukunja, ambalo marehemu baba yangu alilinunua miaka mingi iliyopita kutoka kwa mkulima mmoja wa upande wa Njoro aliyekuwa akifunga virago kurudi Uingereza. Lilimtumikia mzee hadi lilipokataa kazi, likasukumwa kwenye banda lililo nyuma ya nyumba yetu hapa Section 58, na humo kuku wakalifanya makao kabla sijaanza kulikarabati. Sasa kazi yangu inanihamishia Lamu, ambako gari la aina hii halina barabara ya kupita, na familia imekubaliana kwamba liuzwe.

Hali yake kwa sasa ni hii. Bodi ilitenganishwa na chasisi, chasisi ikasafishwa kwa mchanga wa kupulizwa hadi chuma kikabaki kitupu, ikachomelewa palipooza na kupakwa rangi nyeusi. Injini ya cc 1296 imefunguliwa na kufungwa upya, nayo inawaka. Breki za diski za mbele zina mabomba mapya. Bodi imerudishwa juu ya chasisi ikiwa imepuliziwa praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe. Boneti, ambayo kwa Herald ni kipande kimoja kikubwa pamoja na madigadi ya mbele na hufunguka kuelekea mbele, haijaguswa na ina kutu kuzunguka taa. Fremu ya paa ipo, lakini turubai lake liliraruka zamani. Viti viko nje, dashibodi ya mbao ina ufa, na vipuri vingine vimo kwenye makasha.

Risiti nilizonazo, pamoja na vipuri vilivyotoka Uingereza na ushuru wake, zinakaribia shilingi 800,000, nami nilikuwa nimefikiria kuomba 900,000. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo moja hasa: je, nitafute fundi alipake rangi na kuling'arisha kabla ya kulitangaza, au niliuze lilivyo?

Dalali wa Kibuye (Kisumu)

Ndugu Mrithi, pole kwa kumpoteza mzee. Mimi nimeuza magari ya kila aina hapa Kisumu, na ninakuambia bila kusitasita kwamba mteja hununua kwa macho. Lipake rangi nyekundu, mtafute fundi wa viti hapo Nakuru akushonee turubai jeusi, lioshe magurudumu, kisha lipige picha jioni jua linapoelekea kuzama. Gari la kijivu lisilo na viti halimvutii mtu yeyote, na watakaokupigia simu watakuwa wale wanaotaka kulichukua kwa bei ya chuma chakavu. Rangi ya laki moja inaweza kukuongezea laki tatu.

Fundi wa Bodi (Nakuru)

Dalali, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini ushauri huo utamponza mwenzetu.

Anayenunua gari la kwenda kazini hutazama rangi. Anayenunua Herald ya mwaka 1969 huja na sumaku mfukoni, hulala chali chini ya gari, na hugonga bati kwa kifundo cha kidole akisikiliza mahali ambapo mlio unakuwa mzito, kwa sababu anajua kwamba sumaku haishiki fila, ule udongo wa kuzibia mabonde na mashimo ya bati. Mtu huyo akikuta rangi nyekundu mbichi juu ya gari ambalo ndani yake hakuna viti wala turubai, swali la kwanza atakalojiuliza ni kwa nini muuzaji aliharakisha kupaka rangi na kuacha mengine yote. Hata kama hukuficha kitu, tayari umemfundisha kushuku, na kila shaka yake ataikata kwenye bei.

Pia kuna sababu ya kiufundi ambayo madalali hawaijali kwa kuwa si wao watakaolibeba tatizo. Bodi ya Herald si ganda moja kama ya magari ya siku hizi; imeundwa kwa vipande vinavyofungwa kwa bolti, kisha bodi nzima inakalia chasisi juu ya washa, zile pete bapa za chuma, na vipande vya raba. Mianya ya milango na boneti hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza washa hizo na kwa kulegeza bawaba. Fundi anayejua kazi hufunga kila kitu kwanza, akarekebisha mianya hadi ilingane, akafungua tena, ndipo akapuliza rangi. Ukipaka kabla ya hatua hiyo, kingo za milango zitachubuka siku ya kwanza ya kurekebisha, na mnunuzi atalipa tena kazi ambayo wewe umeshailipia.

Kwa hiyo mimi nasema usiliguse. Praima ya kijivu iliyopo ndiyo inayomwonyesha mnunuzi kwamba bati lake ni bati. Ila nijibu haya: Je, praima hiyo ni ya epoksi au ni ile ya kawaida? Ile ya kawaida hunyonya unyevu, na gari likilala nje masika moja litaanza kutoa vidoa vya kutu kutoka chini. Mikono ya pembeni ya chasisi ilibadilishwa mizima au iliwekewa viraka? Milango inafungaje sasa hivi? Na trunioni za mbele, zile zinazobeba gurudumu linapokata kona, ziliwekwa oili au grisi?

Mrithi wa Herald (Nakuru)

Asante sana, Fundi. Nikujibu moja baada ya jingine.

Praima ni ya epoksi, na mkebe wake ninao kwa yeyote atakayetaka kuhakikisha. Gari linalala ndani ya banda lenye sakafu ya saruji, na sijalifunika kwa nailoni, kwa kuwa niliambiwa kwamba nailoni hufungia mvuke wa usiku juu ya bati. Nimelitandikia shuka kuukuu za pamba. Mikono ya pembeni ya chasisi ilikuwa imeliwa kabisa upande wa kushoto, nikabadilisha yote ya upande huo kwa mipya kutoka Uingereza, na upande wa kulia tukaweka viraka viwili kwenye mkono wa nyuma tu. Picha za kila hatua zipo, zikiwemo zile za viraka hivyo kabla havijapakwa rangi.

Kuhusu milango, mlango wa kulia unajifunga kwa kusukumwa na kidole kimoja. Wa kushoto unakwaruza chini, upande wa nguzo ya nyuma. Ukiutazama mwanya wake utaona kwamba sehemu ya juu inapita sarafu ya shilingi ishirini kwa urahisi, ilhali chini haipiti hata karatasi. Trunioni ziliwekwa oili nzito ya giaboksi, wala si grisi.

Fundi wa Bodi (Nakuru)

Hilo la trunioni limenifurahisha. Wengi huona nipeli, kile kichuchu cha kupachikia pampu ya grisi, wakaijaza grisi kwa mazoea, grisi ikakauka ndani, maji yakaingia, na siku moja nguzo ya gurudumu ikakatika gari likiwa linakata kona. Liandike wazi kwenye tangazo lako, maana mnunuzi anayezijua Herald atalitafuta neno hilo kabla ya kutafuta bei.

Mwanya mpana juu na mwembamba chini unanionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya bodi imelalia nyuma kidogo. Kabla hujafikiria kukata bati popote, tazama kama washa zilizokuwa chini ya bolti za nyuma kabisa zilirudishwa zote. Mara nyingi huachwa kwenye mkebe wa misumari. Ikiwa ni hilo tu, ni kazi ya asubuhi moja, na ukiifanya kabla mnunuzi hajafika utakuwa umeongeza thamani kuliko rangi yoyote. Ikishindikana, liache lilivyo na umwonyeshe mwenyewe, asiligundue yeye.

Magari ya Harusi (Kisumu)

Naomba niseme kama mtu ambaye angepaswa kuwa mteja wa gari hili. Mimi hukodisha magari ya maharusi, na gari la wazi linatafutwa sana. Lakini mimi silinunui hilo la ndugu yetu, si kwa kijivu wala kwa nyekundu. Ninachohitaji ni gari lililokamilika, litakalotambaa nyuma ya matarumbeta kutoka kanisani hadi Dunga ufuoni, mchana wa jua la Kisumu, bila kuchemsha maji, na mlango unaofunguka kwa upana wa kumtosha bibi harusi na gauni lake. Nikinunua gari la nusu kazi nitalazimika kumtafuta fundi wa kulimaliza, na fundi huyo ataniambia mwezi mmoja huku akikusudia mwaka.

Kwa hiyo, Dalali, wale wateja wa macho unaowasema ni sisi, na sisi hatumo kwenye soko hili. Anayenunua gari la nusu ni mtu ambaye kulimaliza ndiyo starehe yake.

Dalali wa Kibuye (Kisumu)

Mama, hapo umenikata kauli, ingawa bado nasema kwamba picha nzuri hazina hasara. Gari likiwa la kijivu pia hupigwa picha kwenye mwanga mzuri, banda likiwa limefagiliwa.

Mpenzi wa Triumph (Kericho)

Nimefuatilia uzi huu kwa hamu kwa sababu niliwahi kutafuta Herald kwa muda mrefu. Mrithi, kuna jambo ambalo hujalitaja na ambalo kwangu lingetangulia hata hali ya bati. Paa la Herald ya kawaida limefungwa kwa bolti, na kwa hiyo ni rahisi mtu kuling'oa paa la bati la gari la kawaida, akatia fremu ya turubai, kisha akaliuza kama gari la kiwandani la paa la kukunja. Mnunuzi mwenye akili atafungua boneti na kusoma kibati cha nambari kabla hajatazama kitu kingine. Kwa 13/60 nambari hiyo huanza kwa herufi GE, na ikiwa gari lilitoka kiwandani Coventry likiwa la paa la kukunja, huishia kwa herufi CV. Lile la paa la bati huishia kwa DL. Kibati chako kinasemaje? Na kibati chenyewe bado kimefungwa mahali pake, au kimo ndani ya kasha pamoja na skrubu? Nimeona chasisi iliyokarabatiwa vizuri sana ikakosa thamani kwa sababu mchomeleaji alitupa kipande cha bati chenye ukubwa wa kiganja.

Ukitaka kuimarisha zaidi, jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kinachonukuliwa kutoka kwenye daftari za kiwanda cha Triumph, kinachoonyesha mambo kama tarehe ya kuundwa na rangi ya awali. Cheti hicho kina gharama kidogo ikilinganishwa na rangi nyekundu ya Dalali. Na hiyo rangi ya awali inagusa swali lako la kwanza kabisa: kama gari lilitoka kiwandani likiwa jeupe au la buluu, mnunuzi mwenye nia ya kulipeleka kwenye mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, Concours d'Elegance, yanayofanyika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, huenda asitake kabisa gari ulilolipaka wekundu.

Mrithi wa Herald (Nakuru)

Nimetoka bandani sasa hivi nikiwa na tochi. Kibati kipo mahali pake, hakijawahi kutolewa, na nambari yake inaanza kwa GE na kuishia kwa CV. Ndani ya buti, chini ya tabaka la rangi ya maziwa ambayo mzee aliipaka, nimekwaruza kidogo kwa ukucha nikaona rangi ya buluu. Cheti cha Gaydon nitakiagiza.

Mama Wakili (Eldoret)

Vijana wangu, mmezungumza juu ya trunioni na sarafu, na hakuna aliyeuliza gari hili ni la nani.

Mrithi, umesema lilikuwa la marehemu baba yako. Ikiwa kitabu cha gari bado kina jina lake, huna mamlaka ya kuliuza hadi pawepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inafanya kuwa kosa la jinai mtu kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka hayo, na ndugu mmoja mwenye kinyongo anatosha kuigeuza biashara yenu kuwa kesi. Makubaliano ya familia sebuleni ni jambo jema, lakini hayahamishi umiliki.

Kwa mnunuzi hatari ni kubwa zaidi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamchukulia mtu ambaye jina lake limesajiliwa kuwa ndiye mmiliki, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinasema kwamba gari likishauzwa lisitumike barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Mtu atakayetoa pesa leo akatumaini kwamba mambo ya mirathi yatanyooka baadaye atakuwa amenunua mzozo wenye magurudumu manne.

Mrithi wa Herald (Nakuru)

Shikamoo Mama, na asante kwa kutuamsha. Mama yangu mzazi ndiye msimamizi wa mirathi, na hati yake ilithibitishwa na mahakama ya hapa Nakuru. Gari limetajwa kwenye orodha ya mali kwa nambari yake ya usajili, ile ya zamani ya herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho. Kazi iliyobaki ni kuhamisha umiliki kutoka jina la marehemu. Nitaweka nakala za hati hizo, nikiwa nimefunika nambari za vitambulisho, ili mnunuzi azione kabla ya kufunga safari.

Mama Wakili (Eldoret)

Marahaba. Fanya hivyo, na usichukue pesa yote kabla uhamisho haujaanzishwa kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mnunuzi akaukubali kupitia akaunti yake mwenyewe. Injini ikiwa ilibadilishwa wakati wowote, hakikisha nambari iliyo kwenye kitabu ndiyo iliyochongwa kwenye injini. Ikiwa hazilingani, rekebisha hilo wewe muuzaji, maana mnunuzi akienda kukaguliwa atakwama akiwa ameshakulipa.

Mrithi wa Herald (Nakuru)

Zinalingana. Injini haijawahi kubadilishwa.

Fundi wa Bodi (Nakuru)

Sasa turudi kwenye bei, kwa sababu naona ile 900,000 bado inaning'inia hewani. Ndugu Mrithi, risiti zako ni ushahidi wa kazi. Bei haitoki humo. Mnunuzi hawezi kukulipa kwa sababu ulitumia. Atalipa kwa kuangalia gari hili likikamilika litakuwa na thamani gani, na yeye atatumia kiasi gani kulifikisha huko. Ushuru uliolipa na nauli ya ndege ya kisanduku cha mikono ya chasisi havionekani kwenye gari.

Mpenzi wa Triumph (Kericho)

Naungana na Fundi, na nitaweka makadirio yangu ili yakosolewe. Mimi nilipotafuta Herald iliyokamilika ya paa la kukunja niliombwa milioni moja na laki mbili, nikaona ni nyingi. Tuseme milioni moja na laki moja kwa gari safi lenye karatasi safi. Toa sasa kazi iliyobaki: boneti kunyooshwa na kuchomelewa, tuseme 60,000, rangi ya maana, siyo ya kando ya barabara, 150,000, turubai la paa kutoka Uingereza pamoja na usafirishaji na ushuru, 80,000, viti na mazulia, 70,000, mbao za dashibodi, nyaya na mambo madogo yasiyoisha, 40,000. Jumla ni 400,000. Inabaki 700,000. Kutoka hapo mnunuzi atajikatia fungu la hatari, kwa sababu gari lililofunguliwa daima huficha kitu ambacho hata mwenyewe hakijui. Mimi ningekata laki moja. Kwa hiyo nafika 600,000, na ningekupa hizo nikiwa nimeridhika.

Lakini usikubali pia kubanwa sana. Magari yaliyozidi umri wa miaka minane hayaruhusiwi kwa kawaida kuingizwa nchini, na kwa hiyo Herald zilizopo Kenya ni zile zile tulizobaki nazo. Aliyeitafuta anajua ilivyo shida kuipata.

Dalali wa Kibuye (Kisumu)

Hesabu hiyo ni ya haki, ingawa rangi ya 150,000 imenishtua. Ningemshauri Mrithi atangaze 650,000 ili apate nafasi ya kushuka, kwa sababu hakuna Mkenya anayenunua gari bila kuombwa na kuomba. Akitangaza 600,000 ataishia 520,000.

Mzee wa Molo

Nilikuwa na Herald ya paa la bati miaka ya sabini. Jambo ninalolikumbuka ni jinsi lilivyogeuka: futi 25 zilitosha, ungeweza kuligeuza ndani ya barabara ya shamba bila kurudi nyuma. Lakini gia ya kwanza haikukubali kuingia gari likiwa bado linatembea. Ilibidi usimame kabisa. Mnunuzi kijana akiisikia inakwaruza asidhani giaboksi imekufa. Mwambieni mapema kwamba ndivyo ilivyoundwa, vinginevyo atakata bei bure.

Mwalimu wa Kakamega

Habari zenu. Nimesoma uzi wote kabla ya kujitokeza, nami nataka kuwa wazi kwamba ninalitaka gari hili. Nina banda, nina mashine ya kuchomelea, na nina mwanangu wa kidato cha tatu ambaye ametishia kuacha simu akipewa kazi ya mikono. Maswali yangu yanahusu makasha. Nimewahi kununua pikipiki ya zamani iliyofunguliwa, nikaletewa magunia mawili ya chuma, na hadi leo sijui nusu ya vitu vile vinaingia wapi. Je, vilivyomo kwenye makasha yako vimeandikwa? Kuna kitu unachojua kwamba hakipo? Na injini, inawaka ikiwa baridi, au hupashwa moto kwanza kabla ya mgeni kufika?

Mrithi wa Herald (Nakuru)

Karibu sana, Mwalimu. Kila kitu kidogo kimetiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye karatasi ndani, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida hufutika ukigusana na oili. Mfuko wa bawaba za mlango wa kushoto, kwa mfano, una bolti zake, washa zake, na mchoro unaoonyesha washa ipi ilikuwa chini ya bawaba ipi. Kasha la taa lina taa zote nne za nyuma na pete zake za kromi, moja ikiwa na ubonyeo. Kasha la paa lina vifungo na mbao za fremu, na kipande kimoja cha mbao kimeliwa na mchwa. Kitumie kama kielelezo cha kuchongea kingine.

Visivyokuwepo ninavijua: mpira wa kuzunguka kioo cha mbele, kitasa cha buti, kifuniko kimoja cha gurudumu, na kebo ya spidomita. Mpira wa kioo na kebo vinapatikana kwa wauzaji wa vipuri vya Triumph wa Uingereza, kama Rimmer Bros. Kitasa cha buti itabidi kitafutwe kwa waliovunja magari ya zamani.

Nimefuata pia ushauri wa Fundi. Washa mbili za bolti za nyuma zilikuwa kwenye mkebe, sawasawa na alivyotabiri. Nimezirudisha, na mlango wa kushoto sasa haukwaruzi tena, ingawa bado unahitaji kusukumwa kwa kiganja.

Fundi wa Bodi (Nakuru)

Mkebe wa misumari! Mwalimu, ukifika, mwombe mtu akanyage klachi huku wewe ukiitazama puli ya mbele ya krankshafti. Ikisogea mbele na nyuma kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, washa za krankshafti zimelika, na injini hiyo haijafungwa vizuri hata kama inaunguruma. Isiposogea, endelea na mengine. Na kumbuka kwamba kabureta ya Stromberg, inayochanganya hewa na petroli, imerekebishwa kwa hewa ya Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi. Kwenu Kakamega hewa ni nzito kidogo, kwa hiyo itahitaji kuguswa tena.

Mwalimu wa Kakamega

Nimekushukuru, Fundi. Kuhusu usafiri, nadhani halitaendeshwa.

Mrithi wa Herald (Nakuru)

Halitaendeshwa hata kidogo. Halina bima wala viti, na mteremko wa Salgaa si mahali pa kujaribia breki mpya. Litapanda lori la kubebea magari, boneti ikiwa imefungwa kwa kamba juu ya lachi zake, kwa kuwa ikifunguka mbele kwa upepo itang'oa bawaba. Gharama ya lori tutaigawana nusu kwa nusu ikiwa tutaafikiana bei.

Kwa wengine wanaofuatilia, tangazo nimeliandika upya hivi:

*Inauzwa: Triumph Herald 13/60 ya 1969, ya paa la kukunja tangu kiwandani, nambari ya GE hadi CV kwenye kibati cha awali. Haijakamilika. Chasisi imekarabatiwa na picha za viraka zipo. Bodi iko kwenye praima ya epoksi, bila rangi, kwa makusudi. Boneti ina kutu na haijatengenezwa. Trunioni zimetiwa oili. Injini ya awali, inawaka. Gia ya kwanza haiingii gari likitembea, kama ilivyoundwa. Hakuna turubai la paa. Orodha ya vilivyomo kwenye makasha na visivyokuwepo itakuwa sehemu ya mkataba wa mauziano. Hati za mirathi ziko tayari kukaguliwa. Shilingi 650,000, mazungumzo yapo.*

Mama Wakili (Eldoret)

Tangazo hilo ningelisaini. Orodha ya makasha isainiwe na nyote wawili, kila ukurasa.

Mwalimu wa Kakamega

Nitafika Jumamosi asubuhi pamoja na fundi wangu. Nina ombi moja, ndugu Mrithi: tafadhali usiiwashe injini kabla sijafika.

Mrithi wa Herald (Nakuru)

Haitawashwa, Mwalimu. Ijumaa jioni nitachomoa waya wa betri, na wewe mwenyewe ndiye utakayeufunga.